Mifumo Iliposomana Juu ya Kifo Changu

Nilipokuwa mkaguzi wa shule, niliwazoesha walimu wakuu jambo moja: wasiniambie kwamba vyoo vipo, wanipeleke nikavione. Wengi walinichukia kwa hilo. Waliokuwa navyo walinichukia kwa heshima. Nilipostaafu nilirudi nyumbani Handeni na tabia hiyo, pamoja na koti langu la kijivu la kazini, na mke wangu akavipokea vyote viwili kwa subira. Akisema chumvi imekwisha, nilikwenda kufunua kopo. Akisema kuna mtu mlangoni, niliinuka kuthibitisha. Siku moja aliwaambia wageni kwamba wenzake waliolewa na wanaume, yeye aliolewa na tume ya uchunguzi. Aliwaambia vilevile kwamba mfuko wa kushoto wa koti langu una doa la wino linaloonekana tangu barabarani. Koti hilo nilikwisha kulikagua mwenyewe, tena mchana, nikalikuta safi. Kwa hiyo habari ya doa niliiweka katika fungu la uvumi.

Mtu wa namna yangu hapaswi kupata mtoto wa jicho. Nilimpata, tena mapacha. Jicho la kulia lilianza kuwa kama kioo cha dirisha la jikoni maharage yanapochemka, la kushoto likafuata. Gazeti nililisomea sebuleni, baadaye barazani, baadaye uani juani, na hatimaye nikawa nalishika kwa mazoea tu. Daktari wa macho alinipima, akasema macho yote mawili yanafaa kupasuliwa, na kwamba madaktari bingwa wangekuja kwa muda mfupi katika hospitali moja ya upande wa Korogwe. Orodha ya wagonjwa ingetolewa katika kompyuta, kutokana na watu waliokwisha kusajiliwa kwenye vituo vyao.

"Usikose, mzee," aliniambia. "Ukiwakosa hawa, wengine watakuja lini sitakudanganya, sijui."

Nilimpenda kwa maneno hayo ya mwisho. Lakini usiku sikuyapenda. Mtu ambaye maisha yake yote amesema haamini mpaka aone, akiacha kuona, ataishi kwa kuambiwa.

Nikiwa naingoja siku hiyo, nikapata kazi. Watafiti wa chuo kimoja walitaka kujua jinsi taasisi zinavyopeana kumbukumbu za afya za kielektroniki: hospitali za serikali na za makanisa, zahanati, maabara za watu binafsi na ofisi za halmashauri, katika wilaya za Handeni na Korogwe. Walihitaji mtu anayezifahamu njia za huko na anayejua kuuliza bila kuchoka. Lengo lao lilikuwa jema, wala sikuhitaji kushawishiwa. Mtoto akinywa maji mabaya Handeni, kisha akaugulia kwa shangazi yake Korogwe, kisima kilichomdhuru kimebaki upande ambao haukumtibu. Taarifa isipovuka, Korogwe watatibu tumbo na Handeni wataendelea kuteka maji.

Nilipewa kishikwambi chenye dodoso. Herufi nilizikuza mpaka neno moja likajaza kioo, na swali refu nikawa nalisoma kama mtu aliyesimama stesheni akitazama treni ya mizigo ikipita, behewa baada ya behewa. Wahojiwa walidhani nasitasita kwa hekima.

Jibu nililolipata kila nilipokwenda lilikuwa moja. "Mzee, sisi tuko vizuri. Mifumo yetu inasomana." Walilisema kwa uhakika ule ule ambao walimu wakuu walikuwa wakinitajia vyoo. Nami niliwajibu kama nilivyowajibu walimu wakuu: "Nionyeshe."

Hapo mtandao ulikuwa ukisumbua, au umeme ulikuwa umekatika sasa hivi, au mwenye neno la siri alikuwa semina. Katika ofisi moja kijana mmoja mwenye tai alijitolea kunionyesha mpaka mwisho. Hospitali ya kanisa, alieleza, ina kompyuta zake nzuri zilizoletwa na wafadhili. Kompyuta hizo hutoa ripoti kwenye karatasi. Karatasi hupigwa picha kwa simu. Picha hutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Yeye huipokea, huikuza kwa vidole, na kuichapa upya katika mfumo wa halmashauri.

"Na hiyo ndiyo kusomana?" niliuliza.

"Inasomana kupitia kwangu, mzee."

"Na ukiwa likizo?"

Alifikiri. "Nikiwa likizo inanisubiri."

Alinionyesha kundi lenyewe, akinisomea kwa sauti kwa kuwa mimi niliona taa tu. Taarifa ya wagonjwa wa kuhara ilifuatwa na maua yenye salamu za Ijumaa njema, kisha tangazo la kuku wa kienyeji, kisha mtu anayeuliza kama wale wa kuhara ni wa wiki hii au ni wale wa wiki iliyopita waliotumwa tena. Swali hilo halikujibiwa. Kuku walikuwa wamekwisha kununuliwa.

Niliandika yote niliyoyaona, na niliyoambiwa nikayaweka mbali, penye alama ya kuuliza. Baada ya siku nyingi za barabara dodoso lilikuwa limejaa alama za kuuliza. Sikuwa nimeshuhudia hata taarifa moja ya mgonjwa mmoja ikitoka kompyuta ya huku na kutokea kompyuta ya kule bila kupandishwa kwenye simu, karatasi au bodaboda. Ndipo nikafika Mazingara.

Zahanati niliyoikuta huko ilikuwa chini ya mganga mfawidhi mmoja, mama wa makamo, mwenye sauti ya chini na msimamo wa nguzo. Nilimwomba anifungulie jalada la mgonjwa yeyote aliyetibiwa kwingineko, ili nione kinachoonekana.

"Hilo halitawezekana, baba. Jalada la mgonjwa si la kumfungulia mgeni, hata mgeni awe na mvi."

Nilimpa alama zote za kipengele cha faragha hapo hapo. "Basi fungua langu," nikasema. Miaka ya nyuma, nikiwa nasimamia shamba langu la mahindi karibu na hapo, malaria ilinishika nikatibiwa katika zahanati hiyo hiyo, na kadi nilikuwa nayo mfukoni. Yeye akachapa namba. Akatazama kioo. Akachapa tena, polepole zaidi.

"Baba, hii kadi ni yako wewe mwenyewe?"

"Ni yangu."

"Jina la mama?"

Nikalitaja. Likalingana. Akavuta kiti chake karibu, kama afanyavyo mtu anayetaka kutoa habari mbaya kwa adabu.

"Baba, naomba ukae."

"Nimekaa."

"Hapa panasema ulifariki." Akaongeza, "Pole sana." Mpaka leo sijui pole ile ilikuwa ya nani.

Niliuliza nilifia wapi. Akasema haionekani, kinachoonekana ni kwamba habari imeingizwa Handeni, katika kliniki ninakofuatilia shinikizo la damu. Nikauliza kama anaziona dawa ninazomeza kila asubuhi, na vipimo vyangu vyote vya miaka hiyo. Akasema hapana, hivyo havivuki. Vinavyovuka ni jina, umri, kijiji, na kama mtu yu hai au hayupo.

Nikawa na jambo ambalo nilikuwa nimelitafuta wilaya mbili nzima: taarifa moja iliyotoka kituo kimoja ikafika kingine yenyewe, bila kupandishwa bodaboda. Katika dodoso, kwenye swali la iwapo taasisi hupeana taarifa, nilijaza "Ndiyo" kwa mara ya kwanza, na kwenye sehemu ya ushahidi nikaandika "Mhojaji ameshuhudia." Furaha yangu ya kitaaluma iliisha nilipofunga kishikwambi. Orodha ya macho ingetolewa katika mfumo huo huo, na marehemu hawapasuliwi mtoto wa jicho.

Nilifika nyumbani jioni nikamweleza mke wangu. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akatundika jembe alilokuwa amelishika.

"Basi kesho siendi shambani," akasema. "Mimi niko eda."

"Usifanye mzaha, mama. Nitakosa upasuaji."

"Nani anafanya mzaha? Umekwenda kujionea mwenyewe, umeona, umerudi umeniambia. Leo ndiyo unataka nisiamini?"

Asubuhi, hata hivyo, alinitolea shati lililonyoshwa, na akanifunga vifungo vya koti ambavyo mimi sikuviona vizuri. "Nenda wakakufufue," akaniambia. "Na ukirudi huna macho, usinitume kusoma hata maandishi ya kiberiti."

Kwenye dirisha la usajili la kliniki yangu alikuwapo binti mmoja mtunza takwimu, mgeni wa wilaya yetu, aliyefika miezi ya karibuni kutoka mkoa wa mbali. Alinisalimu shikamoo kwa uchangamfu, akachukua kadi, akachapa, na uchangamfu ukamtoka. Kisha akanieleza lote, akitazama meza.

Nilikuwa nimekosa siku yangu ya kliniki. Nilikuwa njiani nikiuliza watu kama mifumo yao inasomana. Binti, kama utaratibu unavyotaka, alinipigia simu. Simu yangu mchana huwa nimeizima, kwa sababu ndio mlango mkuu wa uvumi katika nyumba yangu. Basi akapiga namba ya ndugu wa karibu iliyomo katika jalada.

"Akapokea mzee mmoja," akasema. "Nikamwuliza, babu yuko wapi, mbona hakuja kliniki? Akaniambia... babu, unisamehe."

"Sema alivyosema."

"Akasema walishakuzika. Kwamba mazishi yalichelewa kwa sababu ulitoka ndani ya sanda ukaomba kamba ili upime kaburi. Kwamba ulikuta limepungua, ukaagiza lichimbwe upya. Na kwamba yeye ndiye mrithi, anasubiri koti."

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Mtu mmoja tu chini ya jua ndiye mwenye ruhusa ya kusema hayo juu yangu. Yuko Mkumbara, barabara kuu ya Moshi, anauza vitunguu na mchele. Babu yake alitoka Unyamwezini kuja kukata mkonge, akazeekea katika mashamba ya Korogwe. Yeye mwenyewe hajawahi kuiona Tabora, lakini kwa utani ni Mnyamwezi kamili, na mimi ni Mzigua wake. Mtani ana haki ya kukukashifu mbele ya wakwe zako na kuondoka na kuku wako. Siku ya msiba wako ana haki ya kushuka kaburini, akalala humo, akakataa kutoka mpaka apewe kitu. Wewe huna haki ya kukasirika, ukikasirika umeshindwa. Siku nilipofungua jalada la kliniki, watoto wangu wakiwa mbali, yeye ndiye aliyekuwa nami kwenye benchi, na namba yake ndiyo iliyoandikwa.

"Na ukaandika kwamba nimekufa," nikamwambia binti.

"Alisema walikuzika, babu. Ningeandika nini?"

"Kwenu hakuna utani?"

"Upo, babu. Lakini kwetu hatuzikani kwa simu."

Nikatoa kitambulisho changu cha taifa nikakisukuma dirishani. Akakisoma kwa heshima, akanirudishia. "Babu, hiki kinasema wewe ni nani. Hakisemi kama uko hai." Hakuwa na dharau, alikuwa karibu kulia. Akanieleza kwamba mabingwa wamekwisha kufika, orodha ya macho imekwisha kutumwa Korogwe bila jina langu, na kwamba huko sasa ndiko marekebisho yangeweza kufanywa kabla mabingwa hawajaondoka. Wangetaka kumwona aliyetoa taarifa ya kifo, akiwa pamoja nami, aikanushe mwenyewe. "Mimi hapa naweza kumwandika mtu amefariki," akasema. "Kumrudisha, sina kitufe."

Mabingwa walikuwa wakimaliza kazi kesho yake. Nilishika basi la Mkumbara.

Mtani wangu alinitambua nikiwa bado ninavuka barabara. Mimi yeye nilimtambua kwa sauti.

"Jamani, funikeni vitunguu!" aliwapigia wanunuzi kelele. "Maiti inapita!"

"Mpagazi," nikamwambia, kwa jina tunalowatania Wanyamwezi, "nani alikutuma unizike?"

"Nani alikutuma ukose kliniki? Binti kapiga simu kwa upole, mzee yuko wapi? Nikasema nisimchoshe mtoto wa watu. Amekufa. Si jibu fupi hilo?"

"Halikuwa fupi. Uliongeza kaburi na kamba."

"Hayo mapambo. Mzigua afe bila mapambo, nani ataamini?"

"Aliamini."

"Basi kosa si langu! Mtu anaambiwa maiti imetoka sandani kupima kaburi, naye anaandika amefariki? Mimi nilidhani atacheka, tucheke, akupe siku nyingine." Akawageukia wanunuzi. "Mnamwona huyu? Maisha yake yote hakubali neno la mtu. Sasa mimi nimesema neno moja tu, serikali nzima imekubali."

Wanunuzi walicheka, na mama mmoja akanipa pole ya msiba wangu. Nilisimama nikasubiri wamalize, kwa sababu mtani hakatizwi. Kisha nikamweleza habari ya orodha, na ya mabingwa, na kwamba kesho ndiyo mwisho wao. Nilieleza kwa maneno machache. Nilimsikia akiacha kupanga vitunguu.

"Macho yote mawili?"

"Yote mawili."

"Hapa nilipo, unaniona?"

"Naona kitu kinene kinachosema sana."

Akaanza kukunja turubai lake, jua likiwa bado juu. Nikadhani mambo yamekwisha. Mtani haombi radhi, na mimi sikuitarajia. Lakini nilitarajia angalau kwamba safari itakuwa ya kimya. Turubai lilipokwisha kukunjwa, akasema:

"Niliyekuzika ndimi wa kukufukua. Lakini kufukua hakuwi bure, Mzigua. Nataka koti."

"Koti halitoki."

"Hewala. Twende Korogwe tukaone kama wanapasua jicho la marehemu."

Asubuhi tuliwahi hospitalini. Ukumbi wa kusubiria ulikuwa umejaa wazee wenzangu, wengine wakiwa na jicho moja limefungwa bandeji, wengine wakisubiri kufungwa. Msajili alikuwa mtu mzima mwenye miwani, mkavu, asiyepoteza neno. Kwa siku nyingine ningemwita mwenzangu. Alisikiliza shauri letu, akachapa, akageuza uso kwa mtani wangu.

"Wewe ndiye uliyetoa taarifa ya kifo?"

"Ndimi."

"Na huyu unamfahamu?"

"Nilimfahamu marehemu."

"Mzee, nina foleni. Huyu mtu yu hai au si hai?"

Mtani wangu akanigeukia. Alinisogelea, akanitazama usoni kama mnunuzi anayekagua mbuzi wa mnada, akanizunguka nyuma, akarudi mbele.

"Sura ni yake," akasema. "Ukali ni wake. Lakini siwezi kuapa. Marehemu wangu aliniachia koti, na huyu bado kalivaa."

Ukumbi mzima uliangua kicheko, wenye bandeji na wasio nayo. Bibi mmoja kutoka kwenye benchi akapaza sauti, "Mpe koti lake, baba, tuingie kwa daktari!" Msajili hakucheka. Alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe fulani, na nyuma yangu niliwasikia watu wakisogea. Kukasirika sikuruhusiwa. Nililivua koti nililolivaa katika ukaguzi wa shule nyingi kuliko ninavyoweza kuzikumbuka, nikampa.

Akalivaa. Likambana mabegani. Akafunga kifungo kimoja, akasimama wima mbele ya dirisha, na sauti yake ikabadilika ikawa ile ambayo nimeisikia mara chache, makaburini.

"Andika kwamba mimi ndiye niliyesema amekufa, na kwamba nilikuwa natania. Huyu ni mzima. Nimemfahamu tangu tukiwa vijana. Na umpeleke kwa daktari leo, kwa sababu mimi nina mtu mmoja tu wa kubishana naye. Akipofuka atakuwa anakubali kila ninachomwambia. Nitaishi vipi?"

Msajili akasema, "Kwa hiyo ushahidi nilio nao ni maneno yako tu."

"Hata nilipomuua ulikuwa maneno yangu tu."

Msajili akachapa. Nilimwomba anisomee alichoandika, akanisomea: kwamba taarifa ya awali imekanushwa kwa kauli ya mdomo ya mtoa taarifa. Kauli ya mdomo. Katika miaka yangu ya kazi ripoti yenye maneno hayo ningeirudisha kwa mwandishi na kuidai tena kwa maandishi. Nilimshukuru msajili, nikakaa mwisho wa benchi, kwa kuwa jina langu lilikuwa mwisho wa orodha, chini ya mstari, kwa kalamu.

Siku ile ilikuwa ndefu. Walioitwa waliingia, waliotoka walitoka wakiongozwa kwa mkono, na kila mlango ulipofunguliwa mtani wangu aliniambia, "Bado, marehemu." Alasiri muuguzi alitoka akasema mabingwa wamechoka, huenda wasifike mwisho wa orodha. Mtani wangu aliinuka, akiwa na koti langu mwilini, akamfuata mpaka mlangoni. Sikusikia alichomwambia. Niliuliza baadaye, akasema alimweleza kwamba yeye ni mkaguzi kutoka juu. Sikuthibitisha jambo hilo, na hadi leo nimechagua kutolithibitisha.

Nililoweza kulithibitisha ni kwamba niliitwa wa mwisho kabisa, na nikafanyiwa jicho moja, la kulia. La kushoto daktari alisema lingesubiri mabingwa wengine.

Tulilala hospitalini, mimi kitandani, yeye kwenye benchi la varanda. Asubuhi muuguzi alifungua bandeji. Kwanza palikuwa na mwanga mkali, kisha ukuta ambao sikujua kwamba ulipakwa rangi ya kijani, kisha mtu amesimama miguuni pa kitanda. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyomwacha. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi. Alikuwa amevaa koti la kijivu, na kwenye mfuko wa kushoto palikuwa na doa la wino lenye ukubwa wa kiganja cha mtoto.

"Koti hilo ni chafu," nikamwambia.

"Limekuwa chafu siku zote," akajibu. "Ila mkaguzi alisema ni safi."

Akacheka peke yake mpaka muuguzi akamtoa nje. Koti hakulirudisha, na mke wangu aliposikia habari ya doa alitaka nimsimulie nilichokiona zaidi ya mara moja, kwa maelezo kamili.

Jicho lilipopona nilirudi barabarani kumalizia dodoso. Nilipitia Mazingara kwa makusudi, nikamwomba mama mganga mfawidhi afungue jalada langu kwa mara nyingine. Alinitazama usoni, akatabasamu, akachapa namba, akakigeuza kioo upande wangu. Nilijisogeza mbele nikasoma mwenyewe: jina langu, umri wangu, kijiji changu, na mwisho wa mstari neno moja. *Amefariki.*

"Ukweli bado haujavuka, baba," akasema. "Utavuka tu."

Nilimwambia hapana haraka. Maandishi yale yalikuwa madogo sana, na nilikuwa nimeyasoma kwa jicho langu mwenyewe, bila kuyakuza na bila kuambiwa na mtu.